Koplo Kasiva na Nishani ya Mwenzake

Kasiva alifunga mlango kwa komeo kabla ya kuitoa ile nishani sandukuni, ingawa chumbani hakukuwa na mtu mwingine. Binti yake Christine alikuwa ametangulia saluni, na majirani wa ploti walikuwa nje wakifua nguo na kupiga soga. Alikuwa amevaa suti ya kijani aliyoichagua mwenyewe kwenye beli la mitumba wiki ile, kabla wateja hawajaiona. Alisimama mbele ya kioo, akaibandika nishani kifuani upande wa kushoto, akaitazama, akaibandua. Kisha akaibandika tena.

Nishani haikuwa yake. Ilikuwa ya Wesonga, fundi wa majiko kule Kawangware, askari mwenzake wa zamani aliyeacha mguu wake mmoja Somalia. Nyumba za mabati alizokuwa amepanga Wesonga zilibomolewa ili mwenye ploti ajenge gorofa, naye alipokuwa akihangaika kutafuta kwingine alimletea Kasiva kisanduku chake cha vitu vya maana. "Nitunzie, Koplo," alimwambia. "Hapa kwangu watu wanaingia na kutoka, sijui nani ni nani."

Kasiva alijua kuwa nyuma ya nishani ile kulikuwa na maandishi. Wesonga mwenyewe alichora kwa ncha ya msumari nambari yake ya jeshi na jina lake, vile askari wanavyotia alama vitu vyao visipotee kambini. Lakini upande wa nyuma ulilala kwenye nguo. Nani angeugeuza?

Kasiva alitoka Kitui akiwa msichana mrefu, mwembamba, mwenye mbio. Siku ya kuandikisha makuruta aliwaacha nyuma wavulana wengi wa kwao, wazee waliokaa kwenye nyasi wakitazama wakacheka hadi machozi. Jeshini alifundishwa kuendesha malori makubwa, akayapenda. Mume alipata, mume akaondoka, akabaki na Christine, na mtoto akalelewa na nyanya yake huku mama akiwa kambini. Alipomaliza utumishi wake alikuja Nairobi, akapata chumba Kibera, upande ule unaopakana na Ayany, akaanza kuuza makoti ya mitumba katika Soko la Toi. Pale sokoni walimwita Afande. Wengine walimwita hivyo kwa heshima, wengine kwa utani, naye aliitika wote sawasawa.

Hadithi ya Somalia waliijua wote, kwa kuwa Wesonga alipenda kuisimulia kila alipokuja kumtembelea. Siku ile dereva mmoja alizidiwa na malaria alfajiri, na Kasiva, aliyekuwa wa kikosi kingine, akaambiwa ashike usukani badala yake. Hakuna aliyekumbuka kubadilisha jina kwenye karatasi. Msafara ulikuwa ukipeleka chakula na maji kwa wenzao waliokuwa mbele. Barabarani, mahali penye vichaka vifupi, lori lililotangulia lilikanyaga bomu, na risasi zikaanza kumiminika kutoka kushoto. Madereva wa nyuma walirudi kinyumenyume. Kasiva alikwenda mbele. Alilipita lori lililokuwa likiwaka, akaliweka lake katikati ya wapigaji na majeruhi, akashuka, akawaburuta mmoja mmoja hadi ndani, Wesonga wa mwisho, mguu ukining'inia. Kisha akaendesha kurudi kambini kwa magurudumu yasiyo na upepo.

Ndivyo Wesonga alivyosimulia, na alikuwa akisema kweli. Palikuwa na sehemu moja tu ambayo hakuijua.

Majeruhi walipewa nishani. Baadhi ya madereva waliorudi kinyumenyume pia walipewa. Kasiva hakupewa. Christine alipokuwa mdogo aliuliza sana: "Mama, yako iko wapi?" Kasiva akawa anamjibu, "Iko ofisini, itakuja." Alilisema neno hilo kwa miaka mingi hadi yeye mwenyewe akawa karibu kuliamini.

Sasa Christine alikuwa msichana mkubwa, muuguzi katika zahanati moja, na alikuwa amempata Ian, mtoto wa Mzee Mbuthia. Akina Mbuthia walikuwa wenyeji wa Kawangware tangu wakati wa mashamba ya mahindi. Walikuwa na ploti, maduka, na nyumba ya mawe yenye baraza pana. Kwa watu kama hao Christine hakutaka kutajwa tu kuwa mtoto wa mama wa mitumba. Kwa hiyo aliwaambia kuwa mama yake alipigana Somalia na ana nishani. Mzee Mbuthia akafurahi, maana naye alikuwa amestaafu jeshini, sajenti wa stoo. Upande wa binti ulipoalikwa kwenda kuona boma la kijana, Christine alimshika mama yake mkono. "Mama, tafadhali. Siku hiyo uvae ile medali. Si ilikuja hatimaye? Niliiona kwenye sanduku."

Hapo ndipo Kasiva angesema, "Ile ni ya Wesonga." Alifungua mdomo. Akaona uso wa mtoto wake, akasema, "Sawa."

Kule Kawangware walipokelewa vizuri. Kulikuwa na mbuzi wa kuchoma, mukimo, chai ya maziwa mengi, na akina mama waliovaa vitambaa vya sare. Waithira, mke wa Mbuthia, alimkumbatia Kasiva na kumkalisha kwenye kiti chenye mto. Ian alikuja kumsalimia kwa mikono miwili. "Mathe, karibu sana. Leo umetokelezea, umependeza kweli!" Watu wakacheka. Kasiva akacheka pia, mkono wake ukipanda kifuani kila mara kama mtu anayehakikisha kifungo.

Mzee Mbuthia alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Afande mwenzangu," alisema, "hebu nione hiyo medali vizuri. Macho yangu siku hizi yanataka kitu kiwe karibu."

Kabla Kasiva hajajibu, mzee alikuwa ameinama, ameshika nishani kwa vidole viwili. Aliusifu utepe. Alisifu rangi. Kisha akaigeuza, akashusha miwani, akanyamaza kidogo, akaanza kusoma nambari ile kwa sauti, tarakimu moja moja, vile wanavyosoma kwenye gwaride. Na baada ya nambari akasoma jina.

"Wesonga," alisema. "Wesonga ni nani?"

Baraza lote lilikuwa limetega sikio, kwa kuwa mzee alisoma kama mtu anayetangaza. Kasiva aliisikia damu ikimpanda shingoni.

"Walikosea," alisema. "Ofisini. Walikosea jina."

Mbuthia aliitazama tena nishani, polepole. "Hii si maandishi ya ofisi, Mama Christine. Hii imechorwa na msumari."

Mama mmoja alikohoa. Ian alitoa simu mfukoni, akaanza kuisugua kwa kidole ingawa kioo kilikuwa giza. Christine aliyainamisha macho kwenye sahani yake, na hakuyainua tena hadi walipoondoka.

"Haya," Waithira alisema kwa sauti ya juu mno, "chakula kinapoa, jamani. Tule."

Walikula. Walimwekea Kasiva nyama nzuri, wakamuuliza kama chumvi imetosha, wakamwita Mama kila walipozungumza naye. Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana, angepata la kujibu. Upole wao ulimkalia tumboni pamoja na kile chakula, na sala ya mwisho ilipoombwa hakuweza hata kusema amina.

Ian aliwarudisha kwa gari hadi karibu na Toi, kisha mama na mwana wakatembea hadi nyumbani. Mlangoni Christine alisimama.

"Mama, ulienda Somalia kweli?"

"Christine! Si ulikuwa unaongea na mimi kwa simu nikiwa huko?"

"Nilikuwa darasa la sita. Nilikuwa nasikia sauti tu. Ningejuaje inatoka wapi?"

Kasiva alikuwa na sare kuukuu, alikuwa na kovu la mkono alilolipata kwa kioo cha dirisha, alikuwa na Wesonga. Lakini kila kitu alichofikiria kukitoa kilionekana sasa kama kile alichokuwa amevaa kifuani. Christine aliingia ndani, akakusanya nguo zake chache, akaenda kulala kwa rafiki yake muuguzi. Hakurudi kuishi pale tena.

Jumatatu Kasiva hakufungua kibanda chake. Alikwenda Kawangware, akapita barabara ya nyuma ili asionekane karibu na kwa Mbuthia, akamkuta Wesonga kwenye kijiwe chake akikunja mabati kwa nyundo. Mguu wa bandia alikuwa ameuvua na kuuegemeza ukutani, kwa sababu ya joto.

"Koplo! Karibu. Kuna kiti hapo, toa hilo jiko."

Kasiva hakuketi. Aliiweka nishani juu ya bati.

"Niliivaa," alisema. "Jumamosi. Kwa wakwe."

Wesonga aliweka nyundo chini. Aliisikiliza hadithi yote hadi mwisho, na Kasiva hakujipunguzia hata neno. Majiko mapya yalikuwa yamepangwa kando yao, na mteja mmoja alikuja kuuliza, Wesonga akamfanyia ishara arudi baadaye.

"Ungeniomba ningekupa," alisema hatimaye.

"Najua."

"Ningekupa na ningekuja nayo mimi mwenyewe. Ningesimama hapo kwa huyo mzee nimwambie, hii ni yangu, lakini niko hai kwa sababu ya huyu."

"Najua, Wesonga."

"Kuvaa hakuniumi sana." Aliichukua nishani, akaifuta kwa upindo wa shati. "Kinachoniuma ni vile ulisema walikosea. Jina langu ukalifanya makosa ya ofisi."

Kasiva alikuwa amejiandaa kwa kelele. Kwa hilo hakuwa amejiandaa. Alisimama pale jua likimpiga kisogoni, mwanamke mzima aliyebeba wanaume mgongoni, akashindwa kujua aweke mikono yake wapi.

Wesonga ndiye aliyelitaja jambo la rufaa. Kulikuwa na kamati, alisema, inayosikiliza wastaafu ambao kumbukumbu zao zina mapengo. Alikuwa amemwambia hivyo mara nyingi, na kila mara Kasiva alipata sababu: soko limechangamka, fomu ni ndefu, mambo ya zamani ya nini. "Safari hii utaandika," alisema Wesonga. "Mimi nitakuja kuwa shahidi. Lakini wakiniuliza kuhusu hii, nitasema uliivaa. Sitadanganya ndani ya ofisi ya jeshi."

"Usidanganye."

Aliandika. Kijana wa saiba, duka la kompyuta pale Ngong Road, alimpigia chapa, akimsahihisha kila mara: "Mathe, hapa uweke tarehe." Majibu ya kwanza yalikuwa mafupi. Kumbukumbu zinaonyesha kuwa siku iliyotajwa Koplo Kasiva alikuwa kambini, na lori lililotajwa liliendeshwa na dereva mwingine. Dereva huyo alishafariki. Kamanda wa msafara naye alishafariki. Kama anasisitiza, aje asikilizwe na aje na shahidi.

Sokoni habari zilikuwa zimefika kabla ya majibu. Sijui zilipita wapi, lakini Toi na Kawangware si mbali, na aliyekula mbuzi wa Mbuthia alihitaji pia koti. Jina la Afande likabadilika. Sasa kulikuwa na vijana waliompigia saluti kutoka kibanda cha viatu, "Jenerali, heshima!" halafu wakajificha wakicheka. Jirani yake Nelima, muuza blauzi, aliwafukuza mara nyingi. Kasiva alimwambia awaache. Aliuza makoti yake, akajibu bei, akafunga mapema. Kanisani alianza kukaa nyuma, karibu na mlango.

Alipoitwa kwenye kamati alimwandikia Christine ujumbe kwa simu: Alhamisi nasikilizwa. Ukitaka kuja, njoo. Hakuongeza neno jingine. Hakupata jibu, lakini alipofika na Wesonga kwenye jengo lile la mjini, Christine alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi akiwa bado na sare yake ya uuguzi. Alimsalimia Wesonga kwanza. Kisha akamsalimia mama yake, akaingia nyuma yao, akakaa kiti cha mwisho.

Nyuma ya meza kulikuwa na kanali mstaafu aliyekuwa mwenyekiti, karani wa kiraia, na kapteni mmoja wa kike, kijana, nywele zimesukwa zikabana kichwani. Wesonga alisimama kutoa ushahidi, akakataa kiti.

"Bwana Wesonga," kanali alisema, "ripoti ya daktari inasema ulikuwa umepoteza damu nyingi. Unajuaje aliyekuwa kwenye usukani alikuwa huyu?"

"Kwa sababu ya watoto wangu, Afande."

"Watoto wako?"

"Nilikuwa nalala. Ule usingizi mbaya. Yeye anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine ananipiga makofi, anasema, nitajie watoto wako! Mimi nilikuwa na mmoja. Nikamtaja. Akasema endelea! Nikamwambia wameisha, akanipiga tena. Ikabidi nibuni. Nilibuni watoto, Afande, wa kike na wa kiume, nikawapa majina mpaka ya wajomba wangu. Tukafika kambini bado nazaa."

Karani alicheka, akajizuia. Kapteni aliinamisha kichwa akiandika, lakini shavu lilimcheza.

"Tangu siku hiyo," Wesonga alisema, "huyu hajawahi kuniuliza habari za mtoto wangu bila kutaja na wale wengine."

Kisha, bila kuulizwa, akasema na lile la nishani. Alilisema wazi, akalieleza kwa maneno machache, akakaa. Kanali alimgeukia Kasiva.

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Niliivaa mbele ya watu. Nikaulizwa, nikadanganya."

Nyuma yake kiti cha Christine kililia kidogo sakafuni.

Kapteni ndiye aliyeuliza swali la mwisho, na aliliuliza kwa upole, akisoma karatasi. "Koplo, kuna jambo halikai sawa. Jioni ile kamanda alipiga filimbi, akawakusanya wote waliorudi, akaandika majina yao kwa mkono wake. Nishani zilitoka kwa majina yale. Hata kama karatasi za asubuhi zilikosewa, jioni angekuona. Wewe ulikuwa wapi?"

Hilo ndilo swali lililomfanya Kasiva asiandike rufaa miaka yote. Alijua litaulizwa. Alikuwa ameandaa jibu: nilikuwa nawasaidia majeruhi. Lilikuwa jibu zuri na hakuna aliye hai ambaye angelipinga. Alifikiria kumwomba Christine atoke nje. Akafikiria pia kwamba kama angetoka, asingeamini chochote atakachoambiwa baadaye.

"Nilikuwa nyuma ya tangi la maji," alisema. "Nilikuwa nafua suruali."

"Ilikuwa na damu," kapteni alisema. Hakuuliza. Alikuwa akimfungulia mlango wa kutokea.

"Damu ilikuwepo, Madam. Lakini si damu niliyokuwa nafua."

Wesonga aligeuza shingo, akamtazama.

"Nilijikojolea," Kasiva alisema. "Risasi ya kwanza ilipogonga mlango wangu tu. Sikuwa hata nimeanza kwenda mbele. Nilienda mbele nikiwa nimelowa, nikawabeba nikiwa nimelowa, nikaendesha hivyo mpaka kambini. Tulipofika, wakawa wanawashusha majeruhi, hakuna anayeniangalia, nikapita upande wa pili nikaenda kufua. Nikasikia filimbi. Nikasema, nikitokea hivi, wanaume wote wale, hilo ndilo litakuwa jina langu mpaka nistaafu. Sikutokea."

"Na siku zilizofuata?" kanali aliuliza.

"Kamanda aliuliza kama kuna aliyesahaulika. Nilikuwa nimesimama mstari wa pili. Nikanyamaza. Angeniuliza nilikuwa wapi."

Alikuwa akizungumza na meza. Alihisi uso wake ukiwaka kuliko ulivyowaka pale barazani kwa Mbuthia, na hili lilimshangaza, kwa kuwa kule alidanganya na hapa alisema kweli. Alikuwa amedhani kweli ingekuwa nyepesi zaidi.

Kanali aliandika kwa muda. "Asante, Koplo," alisema. "Kaa."

Nje, kwenye ngazi, Wesonga alijifanya anafunga mkanda wa mguu wake ili abaki nyuma. Christine alitembea sambamba na mama yake hadi chini.

"Hukuwahi kuniambia," alisema.

"Mtoto wako unamwambiaje kitu kama hicho?"

"Mimi nahudumia watu hospitali, Mama. Watu wazima, madereva, polisi. Kila siku nawabadilishia shuka. Ungeniambia."

Walitembea kidogo.

"Nilikuonea aibu," Christine alisema. "Kwa akina Ian. Nilitamani ungekuwa mtu mwingine."

"Najua."

"Sijui kama imeisha. Nataka iishe, lakini sijui."

Kasiva alimshika mkono, na Christine hakuuondoa. Zaidi ya hapo siku ile hawakupata.

Ndoa ya Christine na Ian ilifungwa kanisani bila fujo. Kasiva alivaa kitenge. Baadaye kidogo aliitwa ofisini. Kumbukumbu zake zilikuwa zimesahihishwa: yeye ndiye aliyekuwa dereva wa lori lile, na alistahili nishani ya operesheni kama wenzake. Ile ya ushujaa, karani alimweleza, ilihitaji pendekezo la kamanda aliyeona kwa macho yake, na kamanda hayupo. Hakukuwa na gwaride wala picha. Karani alimpa bahasha ya kaki kupitia dirishani, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi, akaita jina la mtu anayefuata.

Aliivaa mara moja tu, nyumbani. Blauzi ilikuwa nyepesi, nishani ikaivuta chini, ikawa kama kitu kinachotaka kudondoka. Alisubiri ajisikie vile alivyodhani angejisikia. Alichokiona kwenye kioo ni mwanamke wa makamo ambaye watu wangemtazama kifua na kukumbuka ile nyingine. Aliivua, akaifunga kwenye leso, akaenda kazini.

Mwezi uliofuata Mzee Mbuthia alikuja Toi. Kasiva alimwona kwa mbali akiuliza njia, akipita kati ya vibanda na kofia mkononi, wale vijana wa viatu wakimwelekeza. Alifika, akasalimia, akaanza kupapasa makoti moja baada ya jingine kama mnunuzi.

"Christine ametueleza," alisema bila kuinua macho. "Yote. Alitueleza mezani, mimi na Waithira."

Kasiva alisubiri. Kwa hiyo na hilo la suruali walilijua sasa, kule kwenye baraza pana. Alihisi joto lile la shingoni likianza tena.

"Nimekuja kukwambia kitu kimoja, Mama Christine. Siku ile nilipogeuza ile medali, nililiona jina kabla sijaanza kusoma. Nililiona lote. Ningeirudisha chini nikanyamaza, nikakuuliza pembeni." Alikuwa ameshika mkono wa koti la kijivu, hauachii. "Nilisoma kwa sauti kwa sababu nilitaka wasikie. Mwanangu alikuwa anaoa Kibera. Nilikuwa natafuta kitu, nikakipata."

Kasiva alikuwa amemsamehe mzee huyu zamani. Alikuwa amejiambia kwamba ni macho yake mabovu, ni mazoea ya gwaride, kosa lote ni langu. Sasa alitambua kwamba alikuwa amesamehe jambo ambalo halikutokea, na hili lililotokea lilikuwa likianza kuuma upya, mchana kweupe, katikati ya soko.

"Nisamehe," Mbuthia alisema.

"Nimekusikia, Baba Ian," Kasiva alijibu. Ndilo neno alilokuwa nalo.

Mteja alikuwa amesimama, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, akitafuta koti la mume wake anayelinda usiku. Alitaka zito, lenye kofia, lisiloingiza maji. Kasiva alipanda kwenye kreti kuyafikia yale ya juu. Yalikuwa mengi na mazito, akayateremsha moja moja, na kwa kuwa hakukuwa na mahali pa kuyaweka, Mzee Mbuthia alinyoosha mikono yake miwili akayapokea, akasimama nayo pale hadi mama yule alipochagua.